MRADI WA MWISHO WA MWANAFUNZI HUPIMA CHUO PIA



Kilima cha Rebero, katika Wilaya ya Kicukiro hapa Kigali, kinatazama bonde la Gikondo. Bonde hilo lilikuwa kwa miaka mingi eneo la viwanda la mji huu, kabla ya viwanda kuanza kuhamishwa kutoka kwenye ardhi ya kinamasi na kupelekwa Masoro. Katika wilaya hiyo hiyo kimo chuo cha ufundi ambacho wengi wetu tulikizoea kwa jina la IPRC Kigali, na ambacho zamani kilikuwa shule ya ufundi ya ETO. Basi viwanda na chuo vimekuwa majirani. Lakini wafanyakazi wa viwandani ni mara chache kuulizwa wanaonaje mafundisho yanayotolewa chuoni, ingawa wao ndio wanaoishi na matokeo yake kila siku ya kazi.

Katika makala hii tunataka kueleza njia moja ya kupima mafundisho ya chuo na kuyatengeneza, njia isiyohitaji fedha nyingi wala wataalamu wa kutoka ng'ambo. Ni kuzikusanya kazi ambazo wanafunzi hufanya katika mwaka wao wa mwisho, zile ziitwazo miradi ya mwisho, kuzisoma kwa pamoja na kuuliza: chuo kimefundisha nini kikafaulu, na ni jambo gani ambalo halikuwafikia wanafunzi?

Jambo hili latuhusu kwa sababu tatu. Kwanza, wanaosoma katika vyuo hivyo ni watoto wetu, na karo yao hutoka katika mishahara yetu. Pili, kijana anayemaliza leo ndiye atakayekuja kesho kuwa fundi wa mitambo au msimamizi wetu. Tatu, mashine atakayoitengeneza vibaya haitamuumiza mwalimu wake. Itamuumiza mfanyakazi aliyesimama mbele yake.

MRADI WA MWISHO NI KITU GANI?

Katika vyuo vingi vya ufundi, mwanafunzi hawezi kupata cheti chake mpaka afanye kazi moja kubwa, peke yake au pamoja na wenzake wachache. Huchagua tatizo, hulichunguza, huchora, hupiga hesabu, na mara nyingi hutengeneza kitu. Mmoja aweza kutengeneza mashine ndogo ya kumenya kahawa, mwingine kifaa cha kupima unyevu wa majani ya chai, na mwingine swichi inayozima mota inapopata moto kupita kiasi. Baada ya hapo huandika ripoti, husimama mbele ya jopo la walimu, hueleza kazi yake na kujibu maswali.

Mradi huo hutofautiana na mtihani wa kawaida. Katika mtihani mwanafunzi huulizwa somo moja moja: leo hesabu, kesho umeme, keshokutwa uchoraji. Katika mradi masomo yote hukutana. Mwanafunzi hana budi kujua hesabu na umeme na uchoraji kwa wakati mmoja, na tena ajue bei ya chuma sokoni, na jinsi ya kumweleza mtu mwingine alichofanya. Ndiyo kusema mradi wafanana na kazi yenyewe kuliko mtihani wowote.

Mara nyingi, jopo likishatoa alama ripoti huwekwa kabatini na mambo yakaishia hapo. Mwanafunzi amepimwa, lakini chuo hakijapimwa, ingawa ushahidi wote umo ndani ya kabati hilo.

TUJIFUNZE KUTOKA KIWANDA CHA CHAI

Wenzetu wa mashamba na viwanda vya chai wataelewa upesi. Majani hutoka shambani, hunyaushwa, husagwa, huachwa yageuke rangi, kisha hukaushwa. Mwishoni yuko mwonjaji. Akionja chai ya siku moja akaikuta ina ladha ya kuungua, huenda ni ajali tu. Akiikuta chai ya juma zima ina ladha hiyo hiyo, hakuna mtu mwenye akili atakayeyalaumu majani. Sote tutakwenda kutazama mashine ya kukaushia.

Ni hivyo hivyo kwa miradi. Mwanafunzi mmoja akishindwa kupiga hesabu ya gharama, labda alikuwa mvivu au aliugua. Wanafunzi 20 kati ya 30 wakishindwa jambo hilo hilo, basi kosa si la wanafunzi tena. Kuna kitu katika mafundisho ambacho hakiko sawa, na hapana budi kitafutwe.

Hapa ipo tofauti ambayo watu wengi huichanganya. Alama ya mradi humpima mtu. Tuseme wanafunzi wawili wamepata 65 kila mmoja. Wa kwanza alichora vizuri sana lakini hakukijaribu kitu alichotengeneza. Wa pili alikijaribu mara nyingi lakini michoro yake haisomeki. Alama zao ni sawa, udhaifu wao ni tofauti kabisa. Chuo kinachotazama alama peke yake kitasema, "Wanafunzi wetu wanapata wastani wa 65," na hakitajua kinachotakiwa kubadilishwa. Hivyo anayetaka kukipima chuo hana budi kuufungua mradi na kulitazama kila jambo peke yake.

KWA NINI HAPA KWETU?

Juu ya Rebero hiyo hiyo yako makaburi ya wanasiasa waliouawa mwaka 1994 kwa kupinga mauaji ya kimbari, pamoja na ya maelfu ya watu wengine. Katika maafa yale nchi ilipoteza pia walimu, wahandisi na mafundi wengi. Ilibidi elimu ya ufundi ijengwe upya. Mwaka 1997 ilianzishwa KIST, taasisi ya sayansi na teknolojia ya Kigali. Mwaka 2013 vyuo vikuu vya serikali, KIST ikiwa mojawapo, viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Mwaka 2017 ikaundwa Rwanda Polytechnic, yenye vyuo vinane vya ufundi: Kigali, Huye, Tumba, Karongi, Musanze, Ngoma, Gishari na Kitabi.

Hii ni kazi kubwa iliyofanywa kwa muda mfupi, na tunaisifu. Lakini chuo kinachokua upesi huwa na hatari yake. Ni rahisi kuhesabu wahitimu, na ni vigumu kujua wanaweza nini. Hesabu ya wahitimu hupatikana siku ya sherehe. Habari ya uwezo wao huja baadaye, kiwandani, wakati mashine imesimama na watu wamekaa wakingoja. Miradi ya mwisho huweza kuleta habari hiyo mapema, kabla kijana hajatoka chuoni na kabla wenzake wa nyuma hawajafundishwa kwa njia ile ile.

WENGINE WAMEFANYAJE?

Wazo hili si geni. Huko Marekani, chuo cha Worcester Polytechnic Institute kilibadilisha masomo yake mwaka 1970, kikaweka miradi kuwa nguzo ya elimu yake. Walimu wa chuo hicho wamezoea kuzirudia ripoti za miradi mikubwa na kuzisoma tena kwa pamoja, wakitaka kujua idara yao yafundisha namna gani. Baadaye ABET, shirika linalokagua masomo ya uhandisi katika nchi hiyo, liliandika masharti mapya yaliyoanza kutumika kwa wote mwaka 2001. Tangu hapo hesabu ya vitabu na saa za darasani haitoshi tena. Idara hutakiwa kuonyesha wahitimu wanaweza nini, na kuonyesha pia kwamba matokeo ya upimaji hutumiwa kutengeneza mafundisho.

Uholanzi wanayo desturi iliyo wazi zaidi. Wakaguzi kutoka nje wanapokuja kuipima programu ya masomo, huchagua kazi za mwisho za wanafunzi, kwa kawaida kama 15, wakazisoma wenyewe. Hawatosheki na alama walizotoa walimu. Wakiona kazi ambayo haikustahili kupita imepitishwa, hutaka maelezo.

Nchi hiyo ilipata fundisho chungu. Mwaka 2010 gazeti la de Volkskrant lilitoa habari kwamba katika chuo cha Inholland wanafunzi waliochelewa kumaliza walikuwa wakipewa njia nyepesi ya kupata diploma. Uchunguzi ulifanyika, na mwaka 2011 ikaonekana kwamba katika baadhi ya kozi kazi za mwisho zilizopitishwa hazikufikia kiwango. Tukumbuke kwamba wakati huo vyuo vya Uholanzi vilikuwa vikipata sehemu ya fedha za serikali kwa kufuata idadi ya wahitimu. Mahali ambapo fedha hufuata idadi, mtu hushawishika kuongeza idadi. Hila hiyo ingeweza kukaa siri kwa muda mrefu, lakini kazi za wanafunzi zilikuwa zimehifadhiwa, na watu wa nje wakaweza kuzifungua na kuzisoma.

Hapa Afrika Mashariki tunayo mizizi yetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kilirithi desturi ya mtahini wa nje, yaani mwalimu wa chuo kingine anayekuja kuangalia kama kiwango kimelindwa. Mwaka 1974, katika Azimio la Musoma, Tanzania iliamua kwamba kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na sifa yake mahali pa kazi ihesabiwe. Utaratibu huo uliachwa baadaye, lakini ndani yake mlikuwa na wazo ambalo halijachakaa: kwamba watu wa kazini wana la kusema juu ya elimu. Siku hizi liko Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lililotokana na kamati iliyoundwa mwaka 1980. Mwongozo wake wa ubora unakitaka kila chuo kijipime chenyewe, programu moja moja. Rwanda, iliyoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, imo katika utaratibu huo.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Sasa tueleze jinsi upimaji wenyewe unavyofanywa. Hauna siri yoyote.

1. Kuandika malengo. Chuo huandika kwa maneno machache mambo ambayo mhitimu hana budi kuyaweza. Matano au sita yanatosha. Lengo liwe jambo linaloonekana. "Kuelewa umeme" si lengo zuri, maana hatuwezi kuuona uelewa. "Kupima mota iliyoharibika na kutaja sababu" ni lengo zuri.

2. Kuchagua miradi kwa kura. Chuo kikichagua miradi yake mizuri, kitajisifu bure. Kikichagua mibaya, kitajionea. Kama miradi ni 120, majina yawekwe katika kofia, itolewe 30.

3. Kuweka wasomaji wawili kwa kila mradi. Mwalimu aliyemsimamia mwanafunzi asiwe mmoja wao, maana atakuwa anaipima kazi ya mkono wake mwenyewe. Yafaa mmoja wa wasomaji atoke nje ya chuo.

4. Kutumia kipimo kimoja. Kwa kila lengo huandikwa madaraja manne, kila moja kwa maneno ya wazi. Tuchukue usalama. Daraja la 1: mradi hautaji hatari yoyote. Daraja la 2: hatari imetajwa, lakini kinga haipo. Daraja la 3: kinga ipo, lakini haikujaribiwa. Daraja la 4: kinga ipo, imejaribiwa, na maelekezo kwa atakayeitumia mashine yameandikwa kwa lugha anayoijua.

5. Kupatana kwanza. Kabla ya kuanza, wasomaji wote husoma mradi mmoja na kuulinganisha na kipimo. Mmoja akitoa 4 na mwingine 1, basi kipimo hakieleweki, na lazima kirekebishwe. Seremala wawili wenye futi zisizolingana hawawezi kujenga mlango mmoja.

6. Kuhesabu na kutafuta sababu. Hutazamwa ni miradi mingapi imefikia daraja la 3 au la 4 katika kila lengo. Mahali penye upungufu, walimu hukaa pamoja na kuuliza kwa nini.

7. Kubadilisha, kisha kupima tena. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa mara nyingi. Ripoti ya upimaji isiyobadilisha kitu ni karatasi iliyoongezwa katika lile kabati.

TUCHUKUE MFANO

Mfano huu tumeutunga sisi ili kazi ieleweke, wala si hesabu ya chuo chochote. Tuseme miradi 30 imesomwa, na iliyofikia daraja la 3 au la 4 ni kama ifuatavyo:

Michoro na hesabu: 25
Utengenezaji: 21
Gharama: 12
Majaribio na vipimo: 9
Usalama: 7

Mtu akitazama upesi atasema, "Wanafunzi hawa hawajali usalama." Lakini walimu wakichunguza, watakuta kwamba somo la usalama hufundishwa katika mwaka wa kwanza peke yake, na kwamba fomu ya mradi haina mahali popote panapouliza habari za kinga. Mwanafunzi hujibu anachoulizwa. Basi fomu inabadilishwa, na msimamizi haruhusiwi kutia sahihi mpaka ukurasa wa usalama ujazwe.

Katika gharama huenda wakakuta jambo jingine. Somo la hesabu za biashara lipo, lakini mifano yake yote ni ya duka: kununua sukari na kuuza sukari. Mwanafunzi hajapata kupiga hesabu ya saa za fundi, ya chuma kilichopotea kwa kukatwa vibaya, wala ya umeme wa mashine ya kuchomelea. Hapo mwalimu habadilishwi, wala saa haziongezwi. Hubadilishwa mifano.

Katika majaribio, mambo ni mazito zaidi. Wanafunzi wanajua kwamba yafaa kupima, na walimu wanawaambia, lakini karakana nzima ina vifaa viwili vya kupimia, na kimoja ni kibovu. Hakuna hotuba itakayoponya hali hiyo. Yanahitajika mafungu ya fedha, na sasa mkuu wa chuo anayo hoja ya kuyaombea, kwa sababu anaweza kuonyesha kwamba kati ya miradi 30 ni 9 tu iliyojaribiwa sawasawa.

Mwaka unaofuata miradi 30 mingine inasomwa. Tuseme usalama umepanda kutoka 7 hadi 18. Fomu imesaidia. Tuseme majaribio yamebaki 10, kwa sababu vifaa havijanunuliwa. Basi kila mtu anajua mahali pa kusukuma. Hesabu hii ndogo ya miaka miwili hueleza mambo mengi kuliko cheti cha sifa kilichotundikwa ukutani.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Njia hii ina hatari zake, na tusizifiche.

Kwanza, uko mradi wa kununua. Kijana aweza kumlipa mtu amtengenezee kifaa na kumwandikia ripoti. Dawa yake ni kuhojiwa ana kwa ana. Mwanafunzi apewe bisibisi, aambiwe akifungue kifaa chake, aeleze kila kipande, kisha akirudishe kifanye kazi. Aliyenunua atajulikana kabla ya skrubu ya tatu.

Pili, mradi wa kikundi huweza kumficha mvivu nyuma ya mwenzake hodari. Kila mmoja aulizwe peke yake.

Tatu, mradi mmoja hauonyeshi yote. Aliyetengeneza kifaa cha umeme hajaonyesha kama anajua kuchomelea. Kwa hiyo miradi isomwe pamoja na mitihani na taarifa za wanafunzi waliokwenda kujifunza kazi viwandani.

Nne, upimaji usigeuzwe fimbo ya kumpigia mwalimu. Siku walimu watakapoona kwamba matokeo hutumiwa kukata mishahara au kufukuza watu, watapanga miradi ionekane mizuri, na ukweli utafichwa. Sisi wafanyakazi twalijua jambo hilo vizuri. Mahali ambapo anayeripoti mashine mbovu huadhibiwa, mashine mbovu haziripotiwi.

Tano, wenye viwanda wasipewe chuo wakitumie watakavyo. Mwajiri mmoja aweza kutaka vijana wafundishwe mashine yake peke yake. Siku mashine hiyo ikiondolewa, vijana hao watakuwa na ufundi wa kitu kisichokuwepo. Vilevile miradi isiwe njia ya kupata kazi ya bure. Kama kifaa cha mwanafunzi kinatumiwa kiwandani na kuleta faida, ni haki yake apate sehemu yake.

NAFASI YETU WAFANYAKAZI

Hadi hapa mtu aweza kusema, "Hayo ni mambo ya walimu, sisi tuna nini?" Tunajibu kwamba katika kazi hii pana kiti ambacho wafanyakazi ndio wanaoweza kukikalia vizuri.

Profesa akiutazama mradi wa mashine ya kumenya kahawa ataona kama hesabu ni sahihi. Mama aliyeshinda misimu mingi kwenye mashine kama hiyo ataona mambo mengine: kwamba mdomo wa mashine uko juu mno kwa mtu anayebeba ndoo, kwamba mkono waweza kuvutwa ndani, kwamba maganda yatajaa upande ule na maji hayatapita. Elimu hiyo haimo vitabuni. Asipokaribishwa katika jopo, haitaingia katika kipimo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo haya.

Kamati za matawi yetu ziviandikie vyuo vilivyo karibu, ziombe kualikwa siku wanafunzi wanapoonyesha miradi yao. Wasiende wakubwa wa tawi peke yao. Waende watu wa mashine.

Kila kiwanda na kila shamba liwe na daftari la matatizo: mashine inayoharibika mara kwa mara, mzigo unaoumiza migongo, moshi wa tanuri unaorudi ndani. Daftari hilo lipelekwe chuoni kila mwaka kabla wanafunzi hawajachagua miradi. Badala ya kutengeneza kitu kwa ajili ya alama tu, kijana atatengeneza kitu kinachongojewa.

Maelezo ya mradi mbele ya wafanyakazi yatolewe kwa lugha wanayoielewa. Tangu uamuzi wa mwaka 2008 masomo yamekuwa yakielekezwa kwenye Kiingereza, na ripoti huandikwa kwa lugha hiyo. Hatupingi. Lakini Kinyarwanda ni lugha yetu sote, na Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Fundi asiyeweza kumweleza mwendeshaji wa mashine namna ya kuizima hajamaliza masomo yake, hata akiwa ameandika kurasa 60.

Na tukialikwa, tusiogope kuuliza. Maswali matano yanatosha:

1. Kitu hiki kimejaribiwa mara ngapi, na kilishindwa wapi?
2. Kikiharibika, nani ataweza kukitengeneza, na vipuri vitatoka wapi?
3. Kinagharimu kiasi gani, pamoja na saa za kazi?
4. Kinaweza kumuumizaje mtu, na umefanya nini kuzuia?
5. Kitawapunguzia watu taabu, au kitawapunguza watu wenyewe?

Swali la mwisho tusiliache. Mashine inayoondoa mzigo mgongoni tunaipokea. Mashine inayomwondoa mtu kazini bila mpango wowote juu yake, mtengenezaji aulizwe alifikiri nini. Si kosa la mwanafunzi peke yake. Kama miradi 30 imesomwa na hakuna hata mmoja uliofikiria watu watakaofanya kazi na kifaa hicho, basi hilo nalo ni habari juu ya chuo.

WAJIBU WA WAZAZI

Neno la mwisho ni kwa wafanyakazi walio na watoto vyuoni. Kijana akirudi nyumbani akasema mradi wake umekataliwa, tusikimbilie kumgombeza, wala tusikimbilie kumtetea. Tumwulize: wenzako wangapi wameshindwa mahali pale pale? Kama ni yeye peke yake, na arudi afanye kazi kwa bidii. Kama ni nusu ya darasa, wazazi wakutane waandike barua kwa heshima, wakiomba chuo kieleze kimefundishaje jambo hilo na kitabadilisha nini.

Tusikubali kijana alaumiwe kwa kutojua jambo ambalo hakufundishwa. Vilevile tusikubali apewe cheti kwa huruma, kwa kuwa cheti hicho atakuja kukitumia mbele ya mota inayozunguka, na sisi tutakuwa karibu naye. Tukipata miradi iliyosomwa kwa haki, na wafanyakazi wakiwa miongoni mwa wasomaji, vyuo vyetu vitajua makosa yao mapema na kuyasahihisha.

Matawi yatakayoviandikia vyuo mwaka huu tunayaomba yaanze sasa, kabla wanafunzi hawajachagua miradi yao. Wakishaanza kukata chuma itakuwa tumechelewa.